Kuanzisha kampuni changa Tanzania: mteja anayelipa kwanza, BRELA baadaye, mwekezaji mwisho

Ndugu zangu, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya vijana wenye wazo la biashara ambao wamekwama kwenye swali moja: nianze kwa kusajili kampuni BRELA, yaani wakala wa Serikali wa usajili wa biashara, au nianze kwa kumtafuta mfadhili? Yote mawili yana wakati wake, lakini wakati huo si mwanzoni. Nitakachokisimamia hapa ni kwamba mpangilio wa hatua ndio unaookoa fedha za kijana asiye na mtaji: atafutwe kwanza mteja aliye tayari kutoa fedha yake mfukoni, kisha yafuate makaratasi, na mwekezaji aje pale ambapo fedha zake zitakuza kitu ambacho tayari kinatembea. Nimewaona wengi wakienda kinyumenyume, na ninaumia kwa sababu wengi wao walikuwa na uwezo.

Nitatumia mfano mmoja ili tusiongee hewani. Tuchukulie kijana wa Dar es Salaam anataka kuwapelekea mama lishe mboga, nyanya na vitunguu asubuhi ili wasiende sokoni wenyewe. Wazo linapendeza, na akimuuliza mama lishe yeyote kama angependa huduma hiyo, atajibiwa kwamba ni nzuri sana. Hapo ndipo pa kuwa makini. Watu wetu ni waungwana, na ni nadra mtu kumwambia kijana mwenye bidii usoni kwamba wazo lake halimsaidii. Kwa hiyo usimuulize mtu angependa nini. Muulize alifanya nini. Jana ulinunua wapi? Ulifika sokoni saa ngapi? Ulilipa kiasi gani kwa mzigo wote, na nani aliubeba? Siku uliyokosa nyanya ulifanyaje? Nani anakukopesha, na unamlipa lini? Majibu ya maswali haya hayana adabu ndani yake, yana ukweli tu.

Ukikaa alfajiri katika soko la Ilala au Mabibo na kuwasikiliza wanunuzi, pengine utagundua jambo ambalo hukulitarajia: mama lishe wengi hawanunui kwa fedha taslimu, bali huchukua kwa mali kauli na kulipa jioni baada ya kuuza. Maana yake ni kwamba mshindani wako si umbali wa soko, bali ni yule muuzaji anayemwamini mteja wake kwa siku nzima bila kumdai hata senti. Kama huduma yako inataka malipo kabla ya mzigo kushuka, umeshashindwa kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu ya simu. Na kama utakubali kukopesha, basi unahitaji mtaji wa kuzungusha na unatakiwa kujua nani analipa na nani halipi. Hii ni biashara nyingine kabisa, na ni afadhali kuijua mapema, kabla hujatumia chochote zaidi ya nauli.

Baada ya mazungumzo, omba fedha. Sisemi uombe msaada, nasema uuze. Waambie watu kumi kwamba kesho utawaletea mzigo kwa bei fulani na uone ni wangapi watatoa hata kianzio kidogo. Kianzio cha shilingi elfu mbili kina uzito kuliko pongezi za ukumbi mzima katika shindano la ubunifu.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndipo penye uhai na kifo cha biashara. Fanya hesabu ya oda moja, si ya mwaka mzima. Tuseme oda moja ni shilingi 40,000, na wewe umeinunua kwa bei ya jumla ya 32,000. Tofauti ni 8,000. Bodaboda anachukua 4,000, mboga zinazonyauka na nyanya zinazopondeka zinakula 2,000, makato ya malipo kwa simu ni 500 na mifuko ni 500. Unabaki na 1,000. Ukipata oda 30 kwa siku una shilingi 30,000, na hapo hujalipa kijana anayepanga mizigo, simu, kodi ya pango wala wewe mwenyewe. Wengi wakifika hapa husema kwamba oda zikiwa nyingi hasara itajiondoa. Haitajiondoa. Kinachohitajika ni kubadilisha moja ya tarakimu hizo. Mkipanga oda za mtaa mmoja zipande bajaji moja na gharama ya usafiri ikashuka hadi 1,500 kwa kila oda, mnabaki na 3,500, na oda zilezile 30 zinaleta 105,000. Kumbe ubunifu katika biashara hii ni mpangilio wa njia za kusambaza, wala si mwonekano wa programu. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini kila mmoja aweke zake na azitazame bila kujihurumia.

Yaliyotokea Nairobi yanafundisha. Kampuni ya Kune, iliyokuwa ikiuza chakula kilichopikwa na kukipeleka kwa wateja, ilipata dola milioni 1 za wawekezaji mwaka 2021, na Juni 2022 ikafungwa. Mwanzilishi wake alieleza hadharani kwamba bei ya takribani dola 3 kwa mlo haikutosha kubeba ukuaji wa kampuni. Wateja walikuwapo na fedha ilikuwapo. Hesabu ya mlo mmoja ndiyo iliyokataa.

Kuhusu usajili

Unapokuwa na wateja wanaorudi na kulipa, nenda kwenye usajili bila kuchelewa, kwa sababu mteja mkubwa kama hoteli au shule hatafanya kazi na mtu asiye na nyaraka. Milango ni miwili. Unaweza kusajili jina la biashara au kusajili kampuni, na yote hufanyika kwa njia ya mtandao katika mfumo wa BRELA ulioanza kutumika mwaka 2018. Utahitaji namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Jina la biashara ni rahisi na gharama yake ni ndogo, lakini kisheria wewe na biashara ni kitu kimoja, yaani deni la biashara ni deni lako na la shamba lako. Kampuni ni mtu wa peke yake mbele ya sheria, inaweza kuuza hisa na kupokea mwekezaji, ila inakuja na wajibu ambao haupumziki hata ukilala njaa.

Wajibu huo ndio ninaotaka uelewe. Kampuni inatakiwa kupeleka taarifa za mwaka BRELA na kueleza wamiliki manufaa wake, yaani watu halisi wanaoimiliki au kunufaika nayo, hitaji lililoingizwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2020. Kwa upande wa Mamlaka ya Mapato (TRA), ukishapata namba ya mlipakodi (TIN) unawasilisha makadirio ya kodi ya mapato na kuilipa kwa awamu nne kwa mwaka. Kiwango cha kawaida kwa kampuni ni asilimia 30 ya faida. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka anaweza, kwa biashara nyingi, kulipa kodi kwa utaratibu rahisi unaozingatia mauzo, lakini kampuni haina nafasi hiyo hata kama mauzo yake ni madogo. Kampuni isiyouza chochote nayo inatakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa za kodi, na faini za kuchelewa hujilimbikiza kimyakimya. Hii ndiyo sababu namwambia kijana asisajili kampuni kwa ajili ya kupata fomu ya shindano. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) isiwatishe mapema: tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinacholazimisha usajili ni shilingi milioni 200 kwa mwaka.

Leseni ya biashara ni jambo tofauti na usajili. Biashara nyingi ndogo hupata leseni kwa halmashauri kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, na nyingine hupata BRELA kulingana na kundi lake. Na unapopanga ofisi, kumbuka kodi ya zuio: mpangaji mfanyabiashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Wengi humlipa mwenye nyumba fedha yote ya miezi sita, kisha wakadaiwa ile asilimia 10 wao wenyewe. Liandikeni kwenye mkataba kabla ya kutoa fedha.

Siku mtakapoajiri, ingizeni katika bei zenu michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu kutoka kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi, pamoja na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Tozo ya ufundi stadi, ambayo tangu 2023 ni asilimia 3.5, huwahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 na kuendelea.

Wenye bidhaa ya kula au kupaka wapitie kwanza shirika la viwanda vidogo (SIDO) la mkoa wao kabla ya kwenda shirika la viwango (TBS). SIDO ipo tangu 1973, ina ofisi mikoani, na mjasiriamali mdogo anayetambulishwa nayo hupata unafuu katika kupata alama ya ubora. Namba za mistari za bidhaa (barcode) zinatolewa na GS1 Tanzania, nazo huanza na 620.

Kuhusu waanzilishi wenza

Hapa nitasema kwa uwazi: urafiki wa chuoni si mkataba. Wanafunzi watatu wanagawana hisa sawa kwa sawa, mmoja anapata ajira serikalini baada ya miezi michache, anaondoka na theluthi nzima ya kampuni, na waliobaki wanafanya kazi kwa ajili yake kwa miaka. Dawa yake inajulikana duniani kote: hisa ziive kadiri mtu anavyotumikia kampuni, kwa kawaida kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya kutimiza mwaka wa kwanza asibaki na kitu. Andikeni hayo kabla ya kugawa hisa BRELA, kwa sababu hisa ikishatoka huwezi kumnyang'anya mtu kwa kusema tu kwamba hafanyi kazi. Andikeni vilevile kwamba msimbo wa programu, michoro, jina na orodha ya wateja ni mali ya kampuni, hata kama aliyeviandaa ni mwanzilishi au fundi wa kukodiwa. Mwanasheria kijana anaweza kuandaa nyaraka hizi kwa bei ya maelewano, na ni fedha chache kuliko kesi.

Kuhusu fedha

Fedha bora ni ya mteja, na inayofuata ni ruzuku inayolingana na kazi mnayoifanya tayari. Tony Elumelu Foundation hufungua maombi kila mwaka kuanzia 1 Januari hadi 1 Machi kwa wajasiriamali wa nchi zote za Afrika wenye biashara isiyozidi miaka mitano, na wanaochaguliwa hupata mafunzo na dola 5,000. Hapa nyumbani kuna programu ya FUNGUO inayoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iMbeju ya CRDB Bank Foundation iliyozinduliwa mwaka 2023 kwa ajili ya vijana na wanawake, na mashindano ya ubunifu ya MAKISATU ya Serikali yaliyoanza mwaka 2019. Kwa ushauri na mahali pa kufanyia kazi, wa Dar es Salaam wana Buni Hub na DTBi katika jengo la tume ya sayansi na teknolojia (COSTECH) Kijitonyama. Arusha kuna Westerwelle Startup Haus, na Iringa kuna Kiota Hub. Tafuteni pia Tanzania Startup Association, ambao wamekuwa wakizungumza na Serikali kuhusu sera za kampuni changa.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kwa wanawake na vijana hutolewa kupitia vikundi, kwa hiyo kama lengo lenu ni kampuni ya hisa, fikirini mapema kikundi na kampuni vitahusianaje na nani atalipa deni.

Kuhusu mashindano yenyewe, shirikini yale yanayowapeleka kwa wateja au kwa wataalamu wa kazi yenu. Kijana anayezunguka kutoka shindano hadi shindano kwa mwaka mzima amejenga ujuzi wa kushinda mashindano, na mteja wake bado yuko sokoni alfajiri akichukua kwa mali kauli.

Mwekezaji wa hisa anataka kitu kinachoweza kukua mara nyingi, na biashara nyingi nzuri haziko hivyo wala hazina aibu kwa kutokuwa hivyo. Zile zinazoweza, zijue kwamba hata njia hubadilika. NALA ya Benjamin Fernandes ilianza hapa kwa kurahisisha matumizi ya pesa za simu, ikaja kugeukia utumaji wa fedha kutoka nchi kama Uingereza na Marekani kuja Afrika, na Julai 2024 ikatangaza uwekezaji wa dola milioni 40. Waliobadili njia walifanya hivyo kwa kuwatazama watumiaji.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji kutoka Mbeya: Asante kwa uzi wenye manufaa. Mimi nina wazo la kuwaunganisha wakulima wa viazi na wanunuzi wa mijini. Fundi ananitajia shilingi milioni 15 kutengeneza programu ya simu. Je, nikope?

Mleta uzi: Ndugu yangu, usikope. Chukua simu uliyo nayo, fungua kundi la WhatsApp la wanunuzi kumi, andika bei na kiasi kwenye daftari au jedwali la kompyuta, pokea malipo kwa Lipa Namba, na usimamie mwenyewe magunia yanayoondoka Mbeya hadi yanaposhuka. Utajifunza mambo ambayo fundi hawezi kukuambia: nani anapima gunia na nani anajaza lumbesa (gunia lililozidishwa kipimo), mzigo unaoza wapi, dereva anasimama wapi, na mnunuzi anakataa mzigo kwa sababu gani. Siku daftari litakaposhindwa kubeba oda, utajua hasa ni sehemu ipi ya kazi inahitaji programu, na utamlipa fundi kwa sehemu hiyo pekee. Inawezekana ukagundua kwamba wakulima na wanunuzi wameshafahamiana kupitia madalali na kinachokosekana ni kipimo kinachoaminika. Hiyo nayo ni biashara.

Mchangiaji wa pili: Naogopa kuwaeleza watu wazo langu, wataliiba. Nalilindaje?

Mleta uzi: Wazo peke yake halilindwi na sheria, kinacholindwa ni jina, alama, kazi iliyoandikwa au uvumbuzi uliosajiliwa. Kwa hiyo sajili alama ya biashara BRELA, na kama utauza Zanzibar sajili pia huko kwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa Zanzibar, kwa sababu usajili wa Bara hauvuki bahari. Zaidi ya hapo, eleza tatizo kwa kila mtu na uhifadhi namna unavyolitatua kwa wachache mnaofanya nao kazi. Anayesikia wazo lako leo hana wateja ulioketi nao wala bei ulizozijaribu.

Mchangiaji wa tatu: Sisi tunatengeneza programu ya kukopesha kwa simu. Tuanze na watumiaji wachache kwanza halafu tutafute kibali?

Mleta uzi: Hapana, na nashukuru umeuliza kabla. Ile kanuni yangu ya kuanza na mteja ina mipaka, na fedha za watu ni mojawapo, kama zilivyo dawa na vyakula vya kusindika. Kukopesha bila leseni ya Benki Kuu ni kosa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Anzeni kwa kuzungumza na Benki Kuu. Kanuni za mwaka 2023 zimeweka mazingira maalumu ya kujaribia huduma mpya za fedha chini ya usimamizi wake. Mnaweza pia kufanya kazi chini ya taasisi iliyokwisha kupata leseni, ninyi mkileta teknolojia na wao wakileta mtaji na kibali. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023: anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kusoma orodha ya majina katika simu ya mkopaji ili kuwapigia ndugu zake anapochelewa kulipa ni jambo la kuliacha kabisa.

Mchangiaji wa nne: Kaka yangu yuko Muscat na ameahidi kunipa shilingi milioni 8 niongeze mtaji. Anasema tusiandikishane kwa kuwa sisi ni ndugu. Nifanyeje?

Mleta uzi: Mheshimu kaka yako kwa kuandika. Muulize kwanza jambo moja: fedha hii irudi, au iwe sehemu ya umiliki? Kama irudi, ni mkopo. Andikeni kiasi, tarehe ya kuanza kulipa, na kitakachofanyika mwezi ambao biashara haikuuza. Kama ni umiliki, msikimbilie kutaja asilimia leo wakati biashara haina bei inayojulikana. Mnaweza kukubaliana kwamba fedha yake itageuzwa kuwa hisa siku mwekezaji wa kwanza atakapoingia, kwa bei nafuu kidogo kuliko ya mwekezaji huyo, na kwamba mwekezaji asipopatikana kwa muda mtakaoutaja, mtakaa mezani kuipanga upya. Fedha ipokelewe katika akaunti ya biashara, isipite katika simu yako ya matumizi ya nyumbani. Kila mwisho wa mwezi mtumie ukurasa mmoja wenye mauzo, matumizi, salio na jambo moja lililokwenda vibaya, hata kama hakuuliza. Na kabla hajatuma chochote, mweleze kwa sauti, si kwa ujumbe, kwamba fedha hiyo inaweza kupotea yote. Kama ni fedha aliyoiweka kwa ajili ya ada za watoto au matibabu ya wazazi, usiipokee.